Mwalimu Mchopa na Kopo la Klorini

Wasomaji wa jarida letu la shule, niwieni radhi. Ukurasa huu ulitakiwa wiki tatu zilizopita, lakini mwanangu anaota meno, na mtoto anayeota meno hajui kitu kinaitwa tarehe ya mwisho.

Mwalimu Idrisa Mchopa alistaafu tarehe 30 Septemba, baada ya kufundisha Kemia miaka thelathini na mmoja, ishirini na miwili kati ya hiyo hapa hapa Mahurunga. Mimi Neusa, mhudumu wa maabara, nimemfutia ubao miaka minne.

Anajulikana kwa kopo lake la klorini. Ndani hamna klorini, mna korosho ghafi mia moja. Ndogo sabini na tano zimeandikwa 35, kubwa ishirini na tano zimeandikwa 37. Ndizo isotopu: atomu za jamii moja zilizopishana uzito. Kila mwaka kidato cha tatu hujumlisha 35 na 37, wakagawa kwa mbili, wakapata 36. Naye kila mwaka hung'aka: "Nyie! Nyumba ina watatu wa ugali wa muhogo na mmoja wa wali, mtapika sufuria sawa kwa sawa?" Hapo ndipo huzihesabu, huzidisha kila uzito kwa idadi yake, hujumlisha na kugawa kwa korosho zote. Jibu: 35.5.

Isipokuwa mwaka jana. Lilitoka 35.42. Akawaambia wamelala, warudie. Wakarudia mara tatu. Ya nne akahesabu mwenyewe: kubwa tano hazipo. Akasachi mifuko ya darasa zima.

Zilikuwa tumboni mwangu. Nilikuwa mjamzito, nikazichoma nyuma ya maabara. Na nichague ndogo kwa nini?

Jumatatu iliyofuata kopo lilikuwa limejaa tena, na pembeni yake mfuko wa korosho zisizo na namba. Mwalimu hakuniuliza habari za korosho zilizopotea. Aliniuliza tu kwa nini sikurudia Kemia niliyofeli kidato cha nne. Tangu siku hiyo hadi anastaafu alinifundisha kila saa kumi jioni, mtoto kwanza tumboni, kisha mgongoni. Novemba hii narudia mtihani.

Mwalimu, ahsante sana. Kapumzike kwenu Msimbati, mikorosho izae na magoti yatulie. Ila siku ya kufunga mizigo yako tulibeba na visivyo vyako. Naomba uturudishie kopo, korosho zote mia zikiwemo. Daftari la maswali ya isotopu. Ufunguo wa kabati la tindikali, uko mfukoni mwa koti lako jeupe.

Na ule mfuko wa pembeni, ukiwa umejaa. Bado nanyonyesha.