Mpiga Tarumbeta Hapulizwi

Mwalimu alifungua gazeti, lakini masikio yake yalikuwa kiti cha mbele. Pale mpiga tarumbeta, mashine ndogo imetulia mapajani, alikuwa akimlalamikia fundi matairi aliyekutana naye humo humo trenini.

"Daktari kasema nikilala pumzi inakatika, ndiyo maana nakoroma na mchana nasinzia. Kanipa hii. Unavaa barakoa puani, inakupulizia hewa mpaka asubuhi."

"Sasa tabu iko wapi, mzee wangu?"

"Ikinipuliza, naipuliza! Miaka thelathini nakula kwa kupuliza, leo nipulizwe na kidude kisicho na mashavu?" Jana usiku yeye na mashine walishindana mpaka jirani akagonga ukuta. Mashine haikuchoka.

"Tairi halibishani na pampu," fundi alisema. "Linatulia, linajaa. Anza kuivaa mchana ukiwa macho, dakika kumi kumi. Mke wangu alizoea hivyo hivyo."

"Tairi limewahi kupiga harusini?"

"Wewe je?"

"Jumamosi nilipiga nusu wimbo. Nusu ya pili nilisinzia, bwana harusi akadhani..."

Badala ya bwana harusi ukaja mkoromo, kisha ukakatika ghafla. Mwalimu naye akajikuta amebana pumzi. Mara mzee akatoa mlio ambao tarumbeta lenyewe lingeuonea haya, akaendelea kulala.

Treni ikasimama. Fundi akaisogeza mashine isianguke, akamgeukia mwalimu.

"Ndugu yangu, tunaisingizia mashine bure. Huyu ana ugomvi na hewa yenyewe."