Ozella Pickett, Mjumbe Namba Saba

Mchungaji Stubbs, wafiwa wenzangu, waumini, majirani, na ninyi ndugu mliosafiri kutoka Alabama, karatasi mliyopewa mlangoni inasema, ukurasa wa tatu, kwamba historia ya marehemu isomwe kimya kimya, kila mtu na karatasi yake, huku kinanda kikipigwa taratibu, kama tulivyozoea katika kanisa hili. Naomba mpiga kinanda apumzishe vidole. Dada yangu aliagiza ya kwake isomwe kwa sauti, na isomwe na mimi, Lucius Crenshaw, kitinda mimba wa nyumba yetu, na kilichochapwa hapo ni nusu tu, nusu nyingine ninayo mkononi.

Marehemu Ozella Mae Pickett alizaliwa tarehe 14 Februari 1951, Tolliver, jimbo la Alabama, mtoto wa pili kati ya watano wa Bwana Amos Crenshaw, aliyekuwa kibarua wa kiwanda cha mbao, na Bibi Lessie, aliyefua nguo za watu. Alisoma katika shule ya watoto weusi ya Tolliver kuanzia mwaka 1957, ambako vitabu vilifika vikiwa na majina ya watoto wa kizungu waliokwisha kuvichakaza, na ambako alipewa zawadi ya tabia njema miaka minne mfululizo. Naitaja zawadi hiyo kwa sababu mwenyewe aliitaja akiwa kitandani, akasema ndiyo iliyomharibu. Mama yetu alikuwa na somo moja kwetu sote, na alilifundisha kwa fimbo pale maneno yaliposhindwa: "Ukiwa chumba kimoja na wazungu, sema ndiyo, utoke mzima, urudi nyumbani." Mama hakuwa mwoga, alikuwa amezika kaka yake aliyesema hapana.

Mwaka 1966 familia ilihamia hapa Corinth Falls, Ohio, na Ozella akamaliza sekondari tarehe 6 Juni 1969. Septemba mwaka uliofuata aliajiriwa jikoni katika shule ya mtaa wetu, akaanza kwa kusugua masufuria, akapanda hadi kuwa mpishi mkuu, na akastaafu tarehe 30 Juni 2008, akiwa amewalisha karibu nusu ya mliokaa humu ndani, na wengine naona bado hamjaacha kula. Mkate wake wa mahindi haukuwahi kuonja sukari, na aliyeuliza kwa nini aliambiwa, "Ukitaka keki, subiri siku yako ya kuzaliwa." Alifunga ndoa na Harvey Pickett, fundi wa mabasi ya mji, tarehe 12 Agosti 1972, wakajaliwa watoto wawili, Renita na Dwight, na wajukuu watano. Shemeji Harvey alitutoka tarehe 2 Novemba 2016, baada ya miaka mitatu ya kusafishwa damu kwa mashine kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, na dada yangu ndiye aliyempeleka na kumrudisha, isipokuwa majuma matatu ya Machi 2014. Hapo ndipo karatasi yenu inaporuka, nami siruki.

Jumapili tarehe 3 Juni 2012, saa kumi alasiri, Tavion Mabry, kijana wa miaka kumi na tisa, alikuwa akibadilisha gurudumu la gari la mama yake kwenye uwanja wa duka lililofungwa, akapigwa risasi nne na askari polisi aliyekuwa amesimama mbali naye kama nilivyo mbali na mlango ule. Mnakumbuka mji ulivyowaka. Kila mtu alikuwa na la kusema, chama cha askari kilisema spana ya magurudumu ni silaha, redio ilitafuta makosa ya kijana hadi ikamfikia baba yake aliyekwisha kufa, wenzetu waliandamana, wenzao waliandamana dhidi ya waandamanaji, watu waliokula pamoja kazini miaka ishirini wakahama meza. Askari akashtakiwa, jambo ambalo halikuwahi kutokea hapa, nasi tukasema, safari hii haki itatendeka.

Dada yangu aliitwa kukaa katika jopo la raia kumi na wawili waliotakiwa kuamua kama askari yule ana hatia. Walikuwa wazungu kumi, mzee mmoja kutoka Mexico, na yeye, mjumbe namba saba. Jaji aliwakataza kuzungumza habari za kesi, naye akatii kupita kiasi, akatuambia nyumbani kwamba yuko kwenye kesi ya mzigo uliopotea bohari.

Jumatatu tarehe 24 Machi 2014 walifungiwa chumbani kuamua. Alitaka picha za kamera ya kifuani mwa askari zirudiwe, zikarudiwa, akataka zisimamishwe, zikasimamishwa, na wote waliona spana iko chini na mikono ya mtoto iko juu. Mzee wa Mexico alikuwa upande wake hadi Jumatano jioni, halafu akasema, "Mama, mimi naogopa na nina kazi," akamwacha. Kijana mmoja mstaarabu, mwenye tai, akamuuliza, "Mama, wewe unafuata ushahidi au unafuata rangi?" naye akamjibu, "Na ninyi kumi, mwanangu, mnafuata nini?" Kumi na mmoja walitaka askari aachiwe na mmoja alikataa, na sheria yetu inasema huyo mmoja anatosha, akishikilia, kesi haifi, inasikilizwa upya mbele ya watu wengine. Alichotakiwa ni kuendelea kukataa tu, na Alhamisi akaacha kukataa, askari akaachiwa.

Aliniambia tarehe 20 Aprili mwaka huu, nikiwa nimemshikia bilauri ya maji: "Lucius, usije ukawaambia nilitishwa. Hakuna aliyenitisha. Walikuwa wapole, mmoja alinipa peremende ya koo. Usitaje mashine ya Harvey pia, Dwight alikuwa anampeleka vizuri. Nilichoka tu. Nilitaka kwenda nyumbani." Nikamwambia, dada, hata hivyo ulikuwa peke yako. Akasema, "Yule mtoto alikuwa na nani?"

Jumapili iliyofuata hukumu nilikaa jikoni kwake, mbele ya sahani ya kuku wa kukaanga na sukuma wiki iliyochemshwa na mfupa wa nguruwe, nikampigia kelele Harvey, asiyekuwa na kosa, kwamba nimesikia mle ndani kulikuwa na mama mmoja wa kwetu. "Huyo namba saba," nikasema, "angekuwa dada yangu ningemfungia mlango hadi kiama." Dada yangu akainuka, akaniongezea sukuma. Nilikula, nikasifu mapishi, nikaaga. Miaka mitatu na nusu nimekula kwa mikono ile nikirudia maneno yale kila kesi ilipozungumzwa, na hakunijibu hata mara moja, na leo ndiyo hayo yananilaza macho, si yake.

Mnajua jinsi nilivyofahamu. Tarehe 8 Oktoba 2017 kanisa la mtaa wa Dorr lilifungwa kwa kukosa paa, waumini wake wakaungana na sisi, wakaingia kwa mstari wakiimba, na Ozella alikuwa mlangoni na glavu zake nyeupe kama mhudumu wa zamu. Dada Verlene Mabry, mama yake Tavion, naye akiwa mhudumu wa kanisa lao, alifika mlangoni akasimama, mstari wote ukasimama nyuma yake. Akamtazama. Akasema, "Namba saba." Kisha akaingia, akakaa. Mchungaji alipomshauri atafute kanisa jingine kwa ajili ya moyo wake, alimjibu, "Nimehamishwa vya kutosha. Ahame yeye." Hakuhama yeyote, na miaka sita na nusu wanawake hawa wawili wamehudumu pamoja, mmoja mlango wa kushoto, mmoja wa kulia, wakielewana kwa ishara za mikono tu kama wahudumu wanavyofanya, viti viwili hapa, subiri maombi yaishe, lete maji, na nje ya ishara hizo hawakusemeshana kamwe.

Mengine mnayajua. Askari alirudi kazini baada ya siku arobaini na moja, mwaka jana akastaafu, akaagwa kwa keki. Mji uliunda kamati ya raia ya kuchunguza risasi za polisi, haina uwezo wa kumwita hata mfagiaji, na Dada Mabry husema mbele yake kila mwezi dakika tatu anazopewa, kengele ikilia anakaa. Tangu Tavion wamepigwa wengine saba. Ningependa kuwaambia kwamba kuna jambo limebadilika, lakini niko kanisani.

Tarehe 11 Januari mwaka huu, 2024, Ozella alikutwa na saratani ya kongosho, ikiwa imekwisha kusambaa, akakataa dawa za kumrefushia siku, na akafariki nyumbani kwake Alhamisi tarehe 16 Mei, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sabini na mitatu. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomsitiri maumivu, majirani wa mtaa wa Vance waliokata majani yake bila kuombwa, wanawake aliofanya nao kazi jikoni, ambao wako chini hivi sasa wanawaandalia chakula, na wahudumu wa mlangoni wa kanisa hili, wote, pamoja na aliyejiandikisha zamu ya leo ilhali angeweza kubaki kwake.

Dada Mabry, naona umetupa mgongo, na ni haki yako. Ozella alinikataza kukuomba msamaha. Alisema maiti akiombewa msamaha mbele ya kanisa lililojaa, aliye hai hufungwa kamba, atakubali kwa aibu, na wewe umekwisha kufungwa kamba za kutosha. Maji yakimwagika hayazoleki, na sheria inasema askari aliyeachiwa hashtakiwi tena kwa kosa lile, kwa hiyo ninachokifanya sasa hakimfai yeyote. Aliniagiza nikifanye hata hivyo, na nimeahidi.

Alhamisi tarehe 27 Machi 2014, saa tisa na dakika ishirini alasiri, baada ya hukumu kusomwa, jaji aliwauliza wajumbe mmoja mmoja, kwa namba, kama huo ndio uamuzi wao. Alipofika kwa saba, dada yangu aliinua macho, akakuona wewe, safu ya kwanza, umeshika viatu vya mwanao mapajani, akatoa jibu alilofundishwa na mama yetu. Alisema ndiyo, kwa sauti ya kusikika, akarudi nyumbani.

Alitaka aulizwe tena, na hakuna wa kumuuliza isipokuwa mimi, na hakuna wa kumjibia isipokuwa mimi.

Mjumbe namba saba, je, huu ndio uamuzi wako?

Hapana.

Ni hilo tu, Dada Mabry. Limechelewa miaka kumi na miezi miwili. Zella, nimelisema, na mlango wangu haukufungwa. Pumzika sasa, kwa amani kama watakubali kukupa, na ukimwona yule kijana, usianze wewe kusema, mwache aseme yeye kwanza.