Sinema Iliyoanzia Matangani

Mwaka ule wa themanini na saba, benchi la Obeid muuza kahawa, pale Kaloleni, halikuwa na habari nyingine ila sinema ya Kizungu iliyoonyeshwa ukumbini. Lugha yake hatukuelewa hata neno, na hakuna aliyepigwa ngumi. Mama anazikwa, halafu, polepole, yuko jikoni kwake anamenya viazi, mumewe anamtazama. Basi. Nakwambia ukumbi mzima ulinyamaza, hata wale wahuni wa viti vya nyuma. Mpaka leo sijaona sinema nyingine ninayoipenda hivyo. Aliyeionyesha ni Oketch, tuliyemwita Mashine, na asubuhi iliyofuata alikuwa nasi akinywa kahawa.

— Huyo mama hakufufuka, alianza Ogola, tuliyemwita Bibisi kwa kupenda redio. Ulaya iko baridi. Maiti inakaa kama samaki mbuta kwa barafu, haiharibiki.

— Mbona basi hakuna mtu alishtuka? Obeid akauliza. Bwana yake anaangalia tu viazi!

— Basi ni malaika. Malaika ya huko inapika.

— Wacha, Bibisi!

— Ama ni sisi tulikufa. Ukumbi mzima! Wewe ulisikia mtu akikohoa?

Tulicheka.

Ndipo akatokea Wakhisi, dereva aliyezungusha sinema mjini na vijijini, amekumbatia mikebe miwili ya filamu.

— Mashine, kesho tunaonyesha tena. Lakini ulichanganya, ndugu yangu. Mkebe ya matanga ndiyo ya mwisho.

— Ya mwisho aje? Oketch alishangaa. Nilichungulia nikaona jeneza, nikajua hapa ndio mwanzo. Si mtu anaanza kusemwa matangani? Hapo ndio watu wanasimama wanaeleza alikuwa nani, alipika nini, alichekaje.

— Ni kweli, Wakhisi alisema taratibu. Sasa kesho tuanze na gani?

Bibisi, mwenye jibu la kila kitu, alimnyooshea Obeid kikombe chake. Obeid akainamisha birika. Yalitoka matone tu.

— Hiyo ya sawasawa nishaona kwangu, Oketch akasema. Bibi yangu Seline alikuwa jikoni, halafu tukamzika.

Wakhisi akautoa mkebe wa matanga chini, akauweka juu, uwe wa kwanza.