Bwana Sylvester Mayunga na Korongo Aliyelala Kwake

Tarehe 30 Juni mwaka huu Bwana Sylvester Mayunga, Afisa Wanyamapori, anakabidhi funguo za pikipiki na kustaafu baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi. Alianzia kazi Maswa, wakati huko kwetu bado ni Mkoa wa Shinyanga, akahamishiwa Meatu, kisha akaletwa Bariadi. Hapa ndipo alipojenga, akasomesha watoto na kuzeeka. Ameniomba neno hilo la mwisho nisiliandike. Nimeliandika.

Wasifu kama huu huandikwa na mfanyakazi mwenzake. Ofisi ikaona safari hii uandikwe na klabu ya mazingira ya shule yetu, kwa kuwa ndiye aliyeilea, na Mwalimu Specioza akanichagua mimi. Alisema ninaandika kuliko ninavyoongea. Ni kweli. Darasani nikiulizwa kwa Kiingereza nanyamaza, na nikiulizwa kwa Kiswahili nanyamaza vilevile. Basi mnivumilie nikichanganya ya ofisini na ya nyumbani.

Wanaomkumbuka kutoka Meatu wanamkumbuka kwa moshi. Tembo walikuwa wakiingia mashambani Bukundi, naye akawafundisha wakulima kuchanganya pilipili na kinyesi cha tembo, kukausha na kuchoma ukingoni mwa shamba, kwa kuwa tembo hapendi moshi wa pilipili. Siku ya majaribio upepo uligeuka. Tembo alikula mtama wake kwa raha zote, huku kijiji kizima pamoja na afisa wao wakikohoa na kulia machozi. Mzee mmoja akamwuliza, "Sasa bwana, hapa unafukuza tembo au unatufukuza sisi?" Kesho yake alirudi, akaanza kwa kuangalia upepo unakotoka. Njia hiyo inatumika Bukundi mpaka leo.

Danford, aliyefanya naye kazi kwa muda mrefu, ana lake. "Ukiongozana na Mayunga usimwahidi mtu saa ya kufika. Akiona ndege mtini, pikipiki inazima yenyewe."

Sisi wanafunzi tulimjua kwa hadithi. Alitusimulia fisi wa Meatu, ambaye kwetu watu humhusisha na mambo ya usiku, naye akasema fisi ana njaa tu, basi. Alitusimulia Poland, nchi aliyoalikwa na watafiti wa ndege. Huko aliona nyati wa msituni mwenye manyoya mazito kama amejifunika blanketi. Tulikuwa na maswali. Je, analiwa? Maziwa yake mengi? Akatuambia pia kuhusu mama mmoja mkulima, Halina, anayehesabiwa tajiri kwao, mwenye ng'ombe watano wanaolala ndani ya jengo lenye joto. Mwandu wa nyuma kabisa akadakia, "Ng'ombe watano, na bado anaitwa tajiri?" Darasa zima lilicheka. Bwana Mayunga alicheka kuliko sisi.

Alichokwenda kuona Poland kilianzia uani kwa bibi yangu. Miaka minne imepita.

Korongo weupe huja kwetu kila mwaka kutoka Ulaya, makundi kwa makundi, wakila panzi na viwavijeshi mashambani. Watu wamewazoea. Lakini mmoja alianguka uani kwa Bibi Kwandu, bawa likiburuta, na mguuni alikuwa na pete nyeusi yenye herufi na namba nyeupe. Bibi alikuwa akiishi peke yake tangu Babu afariki. Akampa yule ndege maji na dagaa, akamfunika na tenga mbwa wasimpate. Mimi nilikuwa shuleni mjini. Haya nimeyapata kwa Bibi, kwa Danford na kwa jirani yetu Mhoja, na wote watatu wanakubaliana, isipokuwa kila mmoja anasema yeye hakuogopa.

Wachungaji waliiona ile pete. Kufika jioni kitongoji kizima kilikuwa kinauliza, nani amemvalisha ndege? Wiki hiyohiyo mtoto wa Mhoja akashikwa na homa kali, na jina la Bibi likaanza kunong'onwa pamoja na neno uchawi. Kwanza watu waliacha kupita uani kwa Bibi. Kisha wakaacha kumsalimia. Kwetu mtu mzima asiposalimiwa, anajua kinachofuata. Bibi alijua. Alifagia uwanja akakaa mlangoni.

Asubuhi moja mwano ukapigwa. Mwano ni yowe la kuita watu, na ukilisikia huulizi, unakwenda na ulichoshika. Wanaume wakaja na fimbo na mapanga. Bwana Mayunga na Danford walikuwa barabarani, wakienda kuangalia mbuzi waliouawa na fisi. Naye ni Msukuma. Akageuza pikipiki akafuata yowe.

Danford alitegemea atapaza sauti, aonyeshe kitambulisho. Hakufanya hivyo. Alianza kusalimia. Mmoja baada ya mwingine, kwa Kisukuma, salamu ndefu za wazee: umeamkaje, wa nyumbani wameamkaje, maji ya kunyweshea yapo, ndama wanaendeleaje. Ni vigumu mtu kunyanyua panga huku anaeleza habari za ndama wake. Alipomaliza kuwazungukia wote, wengi walikuwa wameziweka chini fimbo zao bila kujua.

Ndipo akaeleza kwamba pete ile huvishwa na watafiti ili wajue ndege anakwenda wapi. Wakamsikiliza. Lakini Mhoja, ambaye mtoto wake alikuwa hoi ndani, akamjibu, "Wewe unasema hivyo kwa sababu unaondoka. Sisi tunabaki naye."

Bibi anasema hapo ndipo yeye mwenyewe alikata tamaa, kwa sababu Mhoja alisema kweli.

Kisha Bwana Mayunga akasema, "Sibishani nawe. Huyu ndege naondoka naye. Atalala kwangu, kwenye nyumba wanayolala mke wangu na wanangu. Kwangu mnapajua, njooni mtuangalie. Tukifa, mtajua mlikuwa sahihi. Tusipokufa, mtamsalimia huyu mama kama zamani." Akamwambia Danford ampakie Mhoja na mtoto wake, awawahishe zahanati. Yeye akaomba kigoda, akakaa mlangoni pamoja na Bibi, korongo miguuni, mpaka pikipiki iliporudi.

Mkewe, Mama Klementina, alipofungua geti alitazama tenga, akamtazama mumewe. "Umeniletea mke mwenza? Tena ana miguu mirefu kunizidi!" Alipoelezwa sababu hakucheka tena. Aliuliza tu huyo mama analala na nani usiku huu, kisha akampigia simu shangazi yake anayeishi jirani na kitongoji chetu, akalale kwa Bibi. Jambo hili halimo kwenye taarifa yoyote ya kazi, na mimi naona ndilo lilistahili kuandikwa kwanza.

Siku za mnada watu wa kwetu walipitia kwa Mayunga. Walisingizia kuomba maji, wakachungulia uani. Walimkuta anakula ugali, watoto wanacheza, korongo anatembea kama mkaguzi. Anasema baadhi yao walionekana kusikitika kidogo. Mtoto wa Mhoja akapona, ilikuwa malaria. Na majibu ya picha ya pete, aliyoituma Bwana Mayunga ughaibuni, yakarudi kwa Kiingereza, naye akaja kuwasomea kitongojini kwa Kisukuma: ndege huyo alianguliwa juu ya nguzo ya umeme, shambani kwa mama mmoja wa Poland. Ndiye Halina. Huko, korongo akijenga kwako, majirani wanakupongeza.

Bawa lilipopona, Bwana Mayunga alimrudisha korongo palepale uani kwa Bibi. Tenga akamwachia Mhoja alifunue. Korongo alikimbia hatua kadhaa kama mtu aliyechelewa, akapaa, akazunguka juu ya pamba, akaelekea kaskazini. Mhoja akageuka akasema, "Mwadila, mayu." Ni salamu ya kawaida, ya kumsalimu mama jioni. Bibi anasema aliijibu ndefu kadiri alivyoweza. Aliwaulizia ng'ombe wa Mhoja, mmoja mmoja.

Mwaka uliofuata Bwana Mayunga alikwenda Poland, akaiona ile nguzo na kiota. Alimpelekea Halina kitenge, zawadi ya Bibi. Bibi aliletewa picha ya Halina amekivaa, juu ya koti zito. Ipo ukutani, pembeni ya picha ya Babu.

Nilipopewa kazi hii nilimwambia Bibi kwamba jina lake sitalitaja. Nyumbani kwetu habari hii bado tunaisema chinichini. Bibi akaweka chini ungo wake. "Litaje. Tena siku hiyo usome wewe, kwa sauti. Wakati ule walilinong'ona."

Kwa hiyo kama hapa ukumbini mnasikia sauti inatetemeka kwenye kipaza sauti, ni mimi.

Bwana Mayunga, asante kwa Maswa, kwa Bukundi hata na moshi wake, na kwa kila darasa ulilosimama mbele yake. Tunakutakia wewe na Mama Klementina siku tulivu, na mvua zikija na korongo, uwe na muda wa kusimama kila unapomwona mmoja, bila mtu kukusubiri popote.

Safu ya mbele, mwenye kitenge cha bluu, ni bibi yangu. Anaitwa Kwandu binti Ndaki. Kwa Kisukuma chake anasema asante: wabeja.