Dhahabu Matano, Aliyeimbia Migongo

Wasikilizaji wapendwa, mlioko Likoni, Kisauni, Changamwe na kokote sauti hii inakowafikia, asalaam aleikum, hamjambo. Leo tunamkumbuka mwimbaji ambaye wengi wenu mlimkataa, kisha baadhi yenu mkamrudia. Jina lake Dhahabu Matano. Alifariki Jumatatu ya wiki hii, nyumbani kwao Mtongwe, akiwa na umri wa miaka arubaini na miwili. Alizikwa siku hiyo hiyo, baada ya swala ya alasiri.

Dhahabu aliimba na Kutu, bendi ya roki ya Changamwe. Aliimba kwenye albamu moja tu, iitwayo Kina. Narudia, albamu moja. Ndiyo iliyowagawa mashabiki wa Kutu kwa miaka kumi.

Alizaliwa Mtongwe. Babake, Mzee Matano, alikuwa fundi wa injini za mashua. Mamake, Bi Mwanatabu, akipika mahamri na mbaazi. Watoto walikuwa wawili, Dhahabu na mdogo wake Tsofa. Alipomaliza darasa la nane, Dhahabu alipelekwa Changamwe kwa mjomba wake, akajifunze kushona maturubai, yale ya kufunikia mizigo ya malori. Kazi ya sindano nene na uzi uliopakwa nta. Tsofa anasema, "Ukimpa mkono dadangu, wadhani umeshika ubao."

Sasa, nyuma ya karakana hiyo palikuwa na ghala kuukuu. Humo ndimo Kutu walimofanyia mazoezi. Mkubwa wao alikuwa Kefa, mpiga gita, aliyekuja kutoka bara kufanya kazi kiwandani. Mwimbaji alikuwa Mussab, mtoto wa papo hapo Changamwe. Mussab alikuwa na sauti ya kupasua bati. Albamu yao ya kwanza, Nyundo, ilitoka mwaka wa elfu mbili na kumi. Ilikuwa ya kasi, ya kelele, na vijana waliipenda kupita kiasi.

Miaka mitatu baadaye Mussab akapata kazi Doha, akaenda zake. Bendi ikabaki bila mdomo.

Kefa akajaribu waimbaji kumi na mmoja. Hakuna aliyefaa. Kila jioni bendi ilipiga wimbo ule ule, bila maneno. Ikapita wiki ya tatu. Siku moja Dhahabu akaweka sindano chini, akazunguka nyuma, akasukuma mlango wa ghala.

"Jamani," akawaambia, "mimi nashona hapo mbele. Wimbo huu sasa nausikia hata nikilala. Ama mpate mtu aimbe, ama mzime."

Kefa alikuwa amechoka. Akamwambia, "Basi imba wewe, madam, kama unaujua."

Akaimba. Alisimama na apron yake ya kazi, mikono nyuma, akauimba kuanzia mwanzo hadi mwisho. Lakini hakuuimba kama Mussab. Aliuimba polepole. Kila neno alilipa nafasi yake. Ikabidi mpiga ngoma apunguze mwendo ili amfuate.

"Niliweka gita chini," anasema Kefa. "Nilijua watu watatukataa. Nilijua pia hiyo ndiyo sauti. Vyote viwili nilivijua siku moja."

Na watu wakawakataa kweli.

Wasikilizaji wapendwa, onyesho la kwanza la Dhahabu lilifanyika Likoni, upande wa Shelly Beach, Desemba mwaka wa elfu mbili na kumi na tatu. Kutu walikuwa na chama cha mashabiki, na kiongozi wake alikuwa Ihsan, msichana wa Kisauni aliyekuwa akisomea ualimu. Ihsan alikuwa ameyatundika maneno yote ya Nyundo ukutani chumbani mwake. Aliposikia kwamba nafasi ya Mussab amepewa mshona maturubai, aliwapanga wenzake. Dhahabu alipofungua kinywa tu, watu zaidi ya mia moja waligeuka kwa pamoja. Wakampa migongo.

Hakushuka. Aliimba nyimbo nne, zote alizopangiwa. Akasema ahsante, akaondoka jukwaani.

Tsofa ndiye aliyemsindikiza nyumbani kwa miguu. Anasema dadake hakulia. Alimwambia neno moja tu, "Leo nimeimbia migongo." Kisha akauliza kama nyumbani kumebaki chakula.

Kina ilitoka mwaka uliofuata. Nyimbo nane. Polepole zote, ndefu zote. Ule wa mwisho, "Neno Moja," ulichukua dakika tisa. Ihsan aliandika kwenye ukurasa wa mashabiki: "Kutu imekufa. Huyu si mwimbaji, ni mlizi. Arudi kwenye maturubai yake." Maneno hayo yalisambazwa kila mahali. Walioipenda Kina walikuwa wachache, na hawakuthubutu kusema. Mwaka wa elfu mbili na kumi na sita bendi ilivunjika. Dhahabu akarudi kwenye maturubai yake.

Lakini mashabiki hawakujua kitu kimoja. Mzee Matano, babake Dhahabu, alikuwa amepatwa na kiharusi miaka miwili kabla bintiye hajaingia Kutu. Alipoteza usemi, na maneno ya watu yalimpita haraka, hayashiki. Dhahabu akajifunza kusema naye. Kila usiku, akirudi Mtongwe kutoka kazini, alikaa ukingoni mwa kitanda, anamtolea neno moja, anasubiri, anatoa jingine. Mzee akielewa, humbana kidole.

"Watu walisema dadangu avuta maneno," anasema Tsofa. "Wallahi, alikuwa akimsubiri baba."

Mzee Matano alifariki mwaka mmoja baada ya Kina kutoka. Alikuwa ameusikia wimbo ule wa dakika tisa mara nyingi, akiimbiwa kitandani kabla haujaingia studio. Dhahabu hakumweleza mtu yeyote habari hii. Hata Kefa aliijua kwenye matanga ya mzee.

Kina haikufa, lakini. Kuna watu waliokuwa wakiisikiliza, na hawakuwa kwenye ukurasa wa mashabiki. Walikuwa madereva wa malori.

Mnajua ninyi mlioko Miritini jinsi foleni ya malori inavyoweza kumla mtu siku nzima. Dereva mmoja aliinunua Kina kwa bahati tu, akampa mwenzake, mwenzake akampa mwingine. Walikuwa na msemo wao: Nyundo yakuchosha kabla ya Mariakani, Kina yakufikisha Malaba mpakani. Na madereva hao hao walikuwa wakileta maturubai yao Changamwe yashonwe. Dhahabu akipima na kukata, wao wameacha redio ya lori wazi, sauti yake mwenyewe inamwimbia dirishani. Yeye anashona tu. Siku moja dereva akamuuliza kama anamjua yule mwanamke anayeimba.

"Namjua kidogo," akajibu. "Shika hapo nifunge fundo."

Basi, mwaka wa elfu mbili na ishirini na mbili, Ihsan, sasa mwalimu wa sekondari Kisauni, alikuwa anahama nyumba. Shemeji yake akamletea lori. Wakakwama Miritini, saa tatu nzima hawasogei. Dereva akaiweka Kina. Ihsan akataka kumwambia azime, akaona haya, kwani lori si lake. Kwa mara ya kwanza maishani mwake akaisikiliza albamu ile yote. Miaka minane alikuwa ameisema vibaya, na hakuwahi kuvuka wimbo wa pili.

Usiku huo aliandika kwenye ukurasa ule ule wa zamani: "Kuhusu Kina, nilikosea. Isikilizeni mpaka mwisho, kisha mje tugombane."

Na waligombana. Wiki tatu nzima. Wapo waliosema Ihsan amezeeka. Wapo waliosema Kutu bila Mussab ni chai bila majani. Lakini wapo pia walioisikiliza, wakarudi wamenyamaza. Mmoja alikiri kwamba amekuwa akiipenda tangu mwanzo, akaificha kama mtu aliyeficha deni.

Ihsan akaona kuandika hakutoshi. Jumamosi iliyofuata alikwenda Changamwe. Alimkuta Dhahabu amepiga magoti juu ya turubai la kijani, sindano mkononi.

"Shikamoo dada," akasema Ihsan.

"Marahaba. Una lori?"

"Sina lori. Mimi ni Ihsan. Wa Kisauni. Mimi ndiye niliyeandika…"

"Nalijua jina lako," akasema Dhahabu. Aliendelea kushona. "Nililisoma."

Ihsan akamwambia amekuja kuomba radhi. Dhahabu akavuta uzi, akaukata kwa meno.

"Sikiliza, mwalimu. Kutopenda wimbo si kosa. Mimi mwenyewe kuna nyimbo sizipendi. Kosa lako ni kuwageuza watu kabla hawajanisikia. Hilo liliniuma, na sitasema halikuniuma kwa sababu leo umekuja na mtandio mzuri."

Ihsan akalia. Dhahabu akamwachia kidogo, kisha akamwelekeza kwa kidole.

"Shika ncha ile uvute. Ukilia, lia ukivuta."

Walishona pamoja mpaka adhuhuri. Kabla ya kuondoka, Ihsan alimwambia ukweli wote: wimbo wa nne bado haumwingii.

Dhahabu alicheka mpaka akaketi. "Hata mimi! Ule Kefa ndiye aliyeung'ang'ania."

Huo ndio uliokuwa mwanzo wa urafiki wao. Mwaka uliofuata madaktari walimwambia Dhahabu kwamba moyo wake umepanuka na haupigi inavyopasa. Wakamkataza kuinua maturubai. Ihsan alikuwa akivuka feri kila Jumapili kwenda Mtongwe kumtazama. Na hapo ndipo wazo lilipozaliwa: Kutu warudi jukwaani mara moja, waipige Kina yote, kwa mpangilio wake, mbele ya watu waliokubali kusikiliza.

Bi Mwanatabu hakutaka. Alihofia moyo wa mwanawe. Alituambia hivi: "Nalimwambia, mwanangu, hao walikugeuzia mgongo, leo wataka uwape pumzi yako ya mwisho? Akanambia, mama, sitaki kuwapa wao. Nataka kumaliza nilichokianza. Nikamwachia. Ningefanyaje?"

Onyesho lilifanyika Agosti mwaka jana, ukumbi mmoja wa Likoni, mchana. Watu kama mia nne walifika. Madereva walijaza safu mbili za mbele. Dhahabu aliimba ameketi kwenye kiti cha plastiki. Ule wimbo wa nne waliuruka. Kefa alilalamika kwenye kipaza sauti, watu wakacheka.

Kabla ya wimbo wa mwisho, mtu mmoja alisimama katikati ya ukumbi. Alikuwa Mussab, mwimbaji wa kwanza, amerudi kutoka Doha. Watu wakaanza kumshangilia. Akawainulia mkono wanyamaze.

"Niacheni niseme," akasema. "Mlipomkataa Dhahabu, mliniandikia Doha, mkaniuliza naionaje Kina. Niliisikiliza. Niliona ni nzuri kuliko Nyundo. Sikuwajibu. Nilifurahi kwamba mnanitaka mimi. Neno langu moja lingetosha, na sikulisema."

Dhahabu akasogeza kipaza sauti karibu.

"Umelisema sasa," akamwambia. "Kaa, Mussab. Pumzi niliyonayo inatosha wimbo mmoja."

Akauimba wote, dakika tisa. Hakuna aliyegeuka. Sitawadanganya kwamba wote waliipenda. Mzee mmoja wa Chaani alitoka baada ya nyimbo tano, akasema mlangoni kwamba Kutu ni Nyundo, basi. Dhahabu alipoambiwa, alisema, "Mwacheni. Huyo nyimbo tano amezisikiliza."

Aliishi miezi sita baada ya siku hiyo. Jumatatu asubuhi Bi Mwanatabu alimpelekea uji, akamkuta ametangulia. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Kwa Bi Mwanatabu, kwa Tsofa, kwa mjomba na mafundi wote wa karakana ile ya Changamwe, kwa Kefa, Mussab na Ihsan, kituo hiki kinawapa mkono wa pole. Mola amlaze pema, awape na ninyi subira.

Na mimi nina langu la kusema, wasikilizaji wapendwa. Kina ilipotoka, niliupiga wimbo mmoja kwenye kituo hiki hiki. Mlinipigia simu kwa hasira, kumi na saba kwa saa moja. Nikaukata katikati, nikaweka mwingine, na sikuupiga tena. Miaka kumi nimeendesha kipindi cha kuwakumbuka watu, na huyu aliyekuwa hai, ng'ambo tu ya feri, sikumtafuta. Juzi nilikwenda matangani, nikamweleza Bi Mwanatabu. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Akaniambia, "Mwanangu, radhi huniombi mimi. Mwenyewe ungemkuta hapo barazani kila siku, asubuhi na jioni."

Neno hilo nimelileta kwenu kama nilivyopewa.

Kwa kawaida wakati huu huwa nafungua laini, mnipigie mseme machache kuhusu marehemu. Leo sifungui. Kila mmoja wetu ana mtu aliyemsema vibaya kabla hajamsikiliza, na mtu huyo bado yu hai, na namba yake unayo. Mpigie yeye.