Profesa Aksel, Mkwe wa Wakasai, Aliyekataa Kubaki Dilala

Ndugu waombolezaji mlioketi juu ya mizigo yenu hapa kituo cha treni cha Kolwezi, familia imenituma mimi Badibanga, shemeji wa marehemu, niwasomee maisha ya Profesa Aksel Thorup kabla treni ya Kasai haijatuondoa na kuliacha kaburi lake peke yake.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1928 mjini Odense, nchini Denmark, akasomea ufamasia Copenhagen na kufuzu mwaka 1953, akafundisha kemia huko, na mwaka 1964 akaja Kolwezi, akafungua duka la dawa mtaani Dilala, na tangu 1972 akawa profesa wa kemia chuoni hapa mjini, mwalimu mkali aliyemfukuza maabarani mwanafunzi yeyote wa kuonjaonja kemikali, ingawa yeye mwenyewe alionja kila dawa ya maji kabla ya kumpa mtoto, akina mama wakimcheka.

Tarehe 15 Juni 1968 alimwoa Tshibola kule kwetu Mwene-Ditu, Kasai, akapeleka mbuzi kwa wakwe kama mwanaume mwingine yeyote, wakajaliwa Louis na Laurentine.

Mwezi wa tatu mwaka huu wa 1993, vijana waliokuja kutufukuza Katanga sisi Wakasai, eti turudi kwetu Kasai, walimwambia mlangoni, "Muzungu, we ubakie, bibi yako arudie kwabo." Walikosea, wakidhani mzungu hana ukoo, kumbe huyu alikuwa mkwe wetu miaka karibu ishirini na mitano. Alijitwika godoro, akatoka na mkewe, akalala nasi hapa sakafuni.

Kipindupindu kilipoingia alitusafishia maji kwa klorini, na klorini ilipokwisha akatuma watu dukani kwake mwenyewe, kwa Kisimba, mwanafunzi wake aliyejitwalia funguo, naye akajibu kwamba dawa za Katanga si za Wakasai. Tunasema wazi, jibu hilo limeua watu, na watoto ndio waliotangulia. Marehemu aliugua tarehe 16 Aprili, akaamuru dripu chache zilizopo wapewe watoto, akafariki tarehe 18.

Familia inamshukuru Daktari Kabamba, aliyekuja kututibu akijua atafukuzwa kazi, na Mama Ernestine wa Dilala, aliyetuletea chumvi na sukari huku akitukanwa njia nzima. Desturi inataka tuwashukuru pia majirani wengine na walimu wenzake, lakini tuwashukuru kwa lipi, kwa kuvaa mashati yake waliyoyapora nyumbani, au kwa kugeuza nyuso walipopita hapa? Hatuwashukuru.

Mjane ameomba padri asiseme leo neno lolote la kusamehe. Tata Aksel, mzee wetu, wewe pumzika kwa amani, sisi tunapanda treni na hasira yetu.