Picha Ilikuwa Yangu, Nami Nilinyamaza

Ndugu zangu, jina la Yesu litukuzwe hapa tulipoketi! Nimesimama kumshukuru Mungu aliyenitoa kifungoni. Aliyefungwa kwa pingu hakuwa mimi, alikuwa mtu mwingine. Mimi nilifungwa ulimi, na kifungo cha ulimi ni kibaya, asikudanganye mtu!

Kwetu ni Taita. Nilifika Garissa kufundisha shule ya msingi katika miaka ile ya vita vya shifta, wale waasi wenye bunduki walioipiga serikali. Mliokuwapo mnakumbuka. Jua likizama ni kafyu, hakuna kutoka nje, malori yanasafiri kwa msafara wa askari, na mfugaji akionekana na ngamia wengi anaulizwa anampelekea nani. Mimi nilikuwa na kamera ya sinema, ndogo ya kushika mkononi, niliyoachiwa na Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Niliipenda kuliko chakula.

Rafiki yangu mkubwa alikuwa Mzee Abdi, mfugaji aliyehamahama na ngamia wake kati ya Ijara na Mto Tana. Siku moja nikamkuta akihama na familia yake, nikamwomba niwapige picha. Akanitazama sana.

"Mwalimu, bicha hii utaonyesha nani?"

"Sitaionyesha mbele ya watu mpaka wewe ukubali, Mzee."

"Wallahi?"

"Mungu ni shahidi."

"Haya, biga."

Nikapiga. Ngamia wanapita na mizigo, watoto wanafukuza mbuzi, mwishowe akina mama wanasimamisha nyumba mahali papya. Mkanda uliporudi kutoka kusafishwa Nairobi sikuwa na projekta ya kuutazamia. Mwenye projekta mjini alikuwa Bwana Mbarak, mfanyabiashara aliyeonyesha sinema ghalani kwake mchana, madirisha yakizibwa kwa magunia. Nikampelekea. Tukapatana nije Jumatatu tuutazame wawili tu.

Jumamosi alasiri nikapita karibu na ghala lile nikasikia makofi. Nikachungulia mlangoni. Ndugu zangu, ilikuwa picha yangu! Watu wamejaa mpaka ukutani, ngamia wa Mzee Abdi wanatembea juu ya shuka jeupe. Ningepaswa kuingia na kusema, "Zima!" Sikusema. Nilifurahi! Niliwaona wanapiga makofi, nikajiona mtu mkubwa. Ndipo Bwana Mbarak, aliyekuwa akitoa maelezo kwa kuwa filamu haikuwa na sauti, akapaza sauti: "Tazameni shifta hao! Mnaona zile ndefu mgongoni mwa ngamia? Bunduki hizo!" Watu wakapiga kelele, naye akazima hapo hapo ili waondoke na msisimko.

Moyo wangu ukapoa kama maji ya mtungi. Lakini mle ndani walikuwamo askari. Nikarudi nyumbani.

Jumatatu Mzee Abdi alileta mbuzi sokoni, akakamatwa. Askari walikuwa wameijua sura yake. Nami nikanyamaza siku tatu! Nilijiambia, nikisema picha ni yangu, nitaitwa rafiki wa shifta, nitapoteza kazi, labda na uhai. Nilifundisha hesabu nikikosea ubaoni. Nilipiga magoti kuomba, maneno hayakuja.

Siku ya nne mke wake, Mama Halima, akaja shuleni kwa miguu. Hakulia. Hakunitukana. Alisimama mlangoni mwa darasa akauliza jambo moja tu.

"Mwalimu, bicha ile ni yako ama si yako?"

Ndugu zangu, swali lile lilinipasua! Nikasema, "Ni yangu, Mama."

"Basi kwa nini mtu mwingine anaisemea?"

Nikaita jina la Bwana pale pale, mbele ya wanafunzi. Nikasema, "Yesu, nipe miguu." Akanipa! Nilitembea mpaka ofisini kwa afisa mkuu wa askari wale, nikamwambia: "Mkanda ule nimeupiga mimi. Sikumruhusu mtu kuuonyesha hadharani, na maneno yaliyosemwa juu yake ni ya uongo."

Bwana Mbarak akaitwa, aje na projekta yake na ule mkanda. "Bwana mkubwa, alinipa kwa mkono wake mwenyewe!"

"Nilikupa tuutazame wawili," nikasema. "Kukukabidhi mkanda si kukupa ruhusa ya kuuonyesha mji mzima."

Afisa akafikiri. Alikuwa mtu mkali, lakini siku hiyo Mungu alimlainisha. Akasema, "Mwenye kazi ndiye wa kusema ionyeshwe wapi na kwa nani. Haya, mwenye kazi, tuonyeshe wewe."

Nikaomba kwanza Mzee Abdi aletwe. Akaletwa na pingu, amekonda. Nikapiga goti mbele yake.

"Mzee, nakuomba ruhusa. Niwaonyeshe?"

"Sasa ndiyo unaomba?" Akaniinulia mikono yenye pingu niione. Kisha akasema, "Onyesha. Lakini yote."

Wakaziba madirisha kwa mablanketi. Mkanda ukaenda mpaka mwisho, bila kukatwa. Ngamia wakapiga magoti. Akina mama wakazifungua zile "bunduki", wakazichomeka ardhini, wakazipinda, wakatandika mikeka juu yake. Ilikuwa miti ya nyumba! Mama Halima mwenyewe akaonekana akiinama kuingia ndani na mtoto mgongoni. Askari mmoja akacheka. Afisa hakucheka. Alivua kofia, akasema, "Mfungueni."

Bwana asifiwe! Mzee Abdi akasugua vifundo vya mikono yake, akasema, "Alhamdulillahi." Nami nikajibu, "Amina," huku nalia kama mtoto. Bwana Mbarak alituomba radhi sote wawili, na tangu siku hiyo hakuonyesha filamu ya mtu bila ruhusa ya mwenyewe. Kazi yangu sikuipoteza. Mwaka uliofuata Mzee Abdi aliniita nipige picha ya harusi ya binti yake, na wote tukaitazama pamoja, yeye akieleza kila sura kwa Kisomali.

Ninamshukuru Mungu kwa kila pumzi. Na wewe ndugu uliyekaa hapo, una neno la kweli unalolijua peke yako, na kuna mtu anayeumia kwa sababu hujalisema. Mwamini Yesu, usimame. Hofu itakuambia utakufa. Mimi nilikwenda nikitetemeka, nikarudi nikiimba!